Boga Lililoitikia Salamu

1

Ndani ya kompyuta moja ya mezani Benigna Mapunda alikuwa na mama watatu, na Ijumaa mtendaji wa kata angekuja kumtaka achague mmoja.

Mama mwenyewe, Gaudensia, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ameegemezwa mito, kichwani kavalishwa kofia ya nyaya. Tangu kiharusi kimwangushe hakuweza kusema wala kuinua mkono, ila macho yake yalibaki yale yale ya kumfanya mtu ajikague kama amenawa. Kofia ilisoma yaliyopita kichwani mwake ikayapeleka kwenye kompyuta, na kompyuta ikayatafutia maneno. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana maneno yenyewe yalitegemea umefungua programu gani.

"Tuanze tena, Mama Otmar," alisema Osmund, mume wa Benigna. Alikuwa ameketi mbele ya skrini, hatua chache tu kutoka kwa mama mkwe wake. "Muulize."

"Mama, unataka kukaa wapi? Hapa Songea kwangu, au Dodoma kwa Engelbert?"

Programu ya kwanza iliitwa Nena. Haikukawia hata kidogo. "Nitakaa hapa hapa kwako, mwanangu," ilisema, kwa sauti iliyoshonwa kutokana na sauti za mama zilizorekodiwa zamani, na mwishoni ikatia kile kicheko chake cha puani. "Wewe ndiye unayeijua chai yangu."

Osmund akaifunga Nena, akafungua Kauli. Swali lile lile, kichwa kile kile.

"Ningependa kuishi na mwanangu wa kiume mjini Dodoma, penye huduma bora," ilisema Kauli, kwa Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari.

Ya tatu ilikuwa Tamka, kongwe kuliko zote. Hizo mbili nyingine zilizaliwa kwa watu kuichukua Tamka na kuibadili kila mmoja alivyopenda. Tamka haikuwa na sauti, iliandika tu. Walisubiri. Mstari mweupe ukapita kwenye skrini, ukapita tena. Jogoo wa jirani akawika, akajibiwa na mwenzake, akanyamaza. Kisha herufi zikaanza kutoka moja moja.

*Kitenge.*

"Kitenge tena!" Benigna alisema. Akachukua kitenge kingine akamfunika mama miguu, juu ya viwili vilivyokuwapo tayari. Mama akafumba macho. "Kila ukiifungua hii ni kitenge, kitenge. Jasho linamtoka mtu wa watu! Hii programu imeharibika, Baba Otmar."

"Haijaharibika," Osmund alisema. "Nimeikagua."

"Basi niambie mama yangu ni yupi kati ya hawa."

Osmund akakuna kichwa. Alikuwa fundi mzuri, mtu wa kufungua kitu na kukirudisha bila skrubu kubaki mkononi, lakini swali hilo halikuwa na skrubu.

Tusiwalaumu. Wakati huo sheria ilisema mambo ya kichwani mwa mtu hayatoki nje ya nyumba yake, na ndiyo maana watu walirudia kompyuta kubwa za mezani, zilizokatwa na mtandao, zikakaa sebuleni na vyumbani kama makabati. Zote ziliendeshwa na mfumo mmoja ulioitwa Wazi. Wazi haukuwa na mwenyewe; yeyote aliweza kuuchukua bure, kuufungua, kuusoma ndani, kuubadili na kumpa jirani. Ukitaka programu, ulikwenda na flashi kwenye ghala la kata, ukachota. Programu za kusemea peke yake zilikuwa zimeota pale kama mchicha baada ya mvua, na kila moja ilibandikwa sifa zilizoandikwa na waliowahi kuitumia.

Na watu walichaguaje? Mkulima wa Songea akienda kununua mbegu ya mahindi huiweka kiganjani, akaisugua, akaing'ata, akauliza ilipandwa udongo gani. Programu ya kumsemea mama mzazi aliichagua kwa kuangalia nani amelia kwa furaha. Nena ilikuwa na machozi mengi kuliko zote, basi Osmund akaleta Nena.

Sheria ya pili ndiyo iliyokuwa ikimleta mtendaji. Mgonjwa wa kofia alitakiwa kuwa na sauti moja tu. Familia ichague programu mbele ya mashahidi, itiwe lakiri, nyingine zifutwe, na tangu hapo atakalolisema kwa sauti hiyo liwe neno lake mpaka aingie kaburini. Ilitungwa baada ya mzee mmoja kugawa shamba lake lile lile kwa wanawe watatu ndani ya juma moja, kila mwana na programu yake. Walipokuwa mahakamani wakitoana macho, mzee alikuwa nyumbani anaomba maji, na hakuna aliyefungua programu ya kumsikia.

Jioni Engelbert akapiga simu kutoka Dodoma, kama kawaida yake, ikawekwa sauti kubwa chumbani kwa mama ili naye asikie.

"Dada, mnasumbuka bure," alisema. "Mchagua jembe si mkulima. Mtieni lakiri Kauli, tumalize. Mama ameshasema anataka Dodoma. Chumba kiko tayari, muuguzi yuko, hospitali iko mlango wa pili."

"Kwenye Nena amesema anataka kukaa hapa."

"Nena! Ile inaongea kama wewe."

Benigna alikasirika, akakata simu bila kuaga. Lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

2

Kesho yake asubuhi mama mdogo Eustokia aliteremka kutoka Matimira na gunia la mahindi mabichi. Alikuwa mdogo wake mama Gaudensia kwa kuzaliwa na mkubwa wake kwa kelele. Alipofika tu alimtoa dada yake nje kwenye kiti cha magurudumu akaote jua, akamvua ile kofia, akamfunika kichwa kwa kitenge, na kofia akamrushia Osmund. "Ioshe hii. Inanuka nywele za wiki."

Osmund akaiosha. Kofia ya namna ile ikikauka ovyo hujikunja, kwa hiyo akatafuta kitu cha duara cha kuivalisha, akapata boga. Akaliweka boga juu ya kiti cha mama, kofia ikatona maji juu yake, kisha akatoka kwenda kutafuta kitambaa. Kompyuta aliiacha ikiwaka.

Benigna aliingia na kikombe cha chai, macho yake kwenye lundo la mashuka lililokuwa kitandani likingoja kukunjwa.

"Umeamkaje, mama?" alisema, tayari ameshika pembe za shuka.

"Nimeamka salama, mwanangu. Na wewe, hujambo?"

"Sijambo. Umemsikia mama mdogo? Kaja na gunia zima la mahindi."

"Eustokia huyo! Tangu lini akaja mikono mitupu?" Kikafuata kicheko cha puani, na Benigna akacheka pia, maana ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa: mama na binti, kumsengenya kidogo mtu wanayempenda.

"Kaiweka wapi mito yako? Nimeacha minne."

"Usihangaike na mito, mwanangu. Niko vizuri."

Benigna akageuka.

Boga lilikuwa limeketi kwenye kiti, limevaa kofia ya nyaya. Maji yalikuwa yanalitiririka mbavuni.

"Mama?" Benigna alisema.

"Naam, mwanangu," likaitika boga.

Akakiweka kile kikombe cha chai mezani taratibu, mbele ya boga, kwa adabu zote, maana mikono ilikuwa bado haijapata habari. Kisha akatazama dirishani. Mama yake alikuwa kule uani, kitenge kichwani, anaota jua, na Eustokia amekaa kwenye kigoda kando yake anamenya mahindi.

"Baba Otmar!" Benigna alipiga ukelele uliowasimamisha kuku. "Baba Otmar, njoo! Boga limeniitikia!"

Osmund alikuja mbio na kitambaa mkononi. Alimtazama mkewe, akalitazama boga, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Benigna hakuipenda. Haukuwa uso wa mtu anayeshangaa.

"Boga likilowa linapitisha umeme kidogo," alisema. "Kofia imeona kuna kitu, basi ikadhani ni mtu."

"Sijauliza habari za umeme. Nauliza nani kanijibu."

Osmund akaketi kitandani, juu ya mashuka. Akaeleza kama fundi anavyoeleza, kwa kuyatazama magoti yake. Kichwa cha mtu mgonjwa kinatoa habari chache sana. Tamka huandika zile chache tu, na pasipo na habari huacha pengo. Waliotengeneza Nena waliona mapengo yale yanawatesa watu, wakaongeza kitu walichokiita kujaza. Palipo pengo, Nena inasikiliza chumba kupitia maikrofoni, inatazama sauti za zamani za mgonjwa, inakisia angesema nini, inasema. Kauli nayo ina yake, ila yenyewe inapenda maneno ya serikali.

"Kwa hiyo Dodoma..."

"Engelbert anaitaja Dodoma kila jioni kwenye simu, humu humu chumbani. Kauli inasikia."

"Na hili la kujaza walilificha?"

"Hawakuficha. Limeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa wa maelezo. Mtu yeyote angesoma." Akakikunja kile kitambaa mkononi. "Mimi nilisoma."

Benigna akamtazama.

"Kulikuwa na kipimo," Osmund aliendelea. "Kutoka chini mpaka juu. Wewe siku zile ulikuwa unalia jikoni ukidhani sisikii. Nikakipandisha kidogo, ukatabasamu. Nikakipandisha tena. Kiko mwisho."

Benigna hakujua akasirike na nani. Alitaka kumkasirikia Osmund, lakini aliyakumbuka machozi yale. Alitaka kuikasirikia Nena, lakini Nena ilikuwa imekaa pale kimya, inasubiri aongee.

"Siku ile aliponiambia hana kinyongo na mimi hata cha punje. Alikuwa yeye?"

"Sijui."

"Alipokumbuka wimbo wa kanisani?"

"Mama Otmar, sijui. Nayo yenyewe haijui. Haiweki alama hapa kaishia mama, hapa nimeanza mimi."

Benigna akavuta kiti. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani, "Fungua Kauli."

Boga likasema kwamba lingependa kuishi na mwanalo wa kiume mjini Dodoma, penye huduma bora.

"Fungua Tamka."

Mstari mweupe ukapita, ukapita, ukapita. Wakasubiri mpaka chai ikapoa na kufanya utando juu. Tamka haikuandika kitu. Ilikuwa programu pekee humo chumbani iliyojua kwamba inazungumza na boga.

3

Sasa ungedhani mambo yamenyooka. Wapi! Kama Tamka ndiyo kweli, basi kweli yenyewe ilikuwa kitenge, na hakuna mtu anayeweza kuulizwa atakaa wapi akajibu kitenge. Benigna alilizungusha jambo hilo kichwani mchana kutwa. Labda mama alikuwa anasikia baridi mifupani. Labda akili yake ilikuwa imebaki na neno moja tu, kama mahindi yaliyobaki punje moja kwenye gunzi, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Baada ya chakula wakamrudisha mama ndani, wakamvalisha kofia kavu. Osmund akashika nafasi yake mbele ya skrini. Mama mdogo Eustokia aliingia akifuta mikono, akasimama mlangoni kama aliyegonga ukuta.

"Na huyu?"

"Nani, mama mdogo?"

"Huyu mkwe. Anafanya nini humu?"

"Ndiye anayeendesha mashine."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Eustokia akapiga makofi mara moja, yale makofi ya msibani. "Jamani, jamani! Dada yangu kichwa wazi, utosi nje, na mkwe wake kaketi pale anamwangalia! Benigna, mimi na wewe tumezaliwa kabila moja kweli?"

Ndipo Benigna alipokumbuka. Kabla ya kiharusi mama yake hakuwahi kukaa chumba kimoja na Osmund. Akija kuwatembelea alimsalimia mkwe kutoka nyuma ya mlango, kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, na akiwa na la kumwambia alimtuma Benigna, hata kama Osmund alikuwa hatua tatu tu akisikia kila neno. Walikuwa wanamtania kwa hilo, wakimwambia mambo hayo yamekwisha. Alipougua, wakajiambia ugonjwa haujui mkwe, wakamvua kitenge, wakamvalisha kofia, na Osmund akavuta kiti. Kila alipofunguliwa kinywa, mkwe alikuwepo. Naye alisema lile moja ambalo mwanamke aliyelelewa angelisema hapo, wakamfunika miguu.

Osmund alikuwa ameshasimama. Uso ulimwiva kwa aibu. "Samahani, mama," alisema, akiutazama ukuta, na akatoka kinyumenyume mpaka akaikosa ngazi ya baraza.

Eustokia akatoa kitenge kimoja kwenye miguu ya dada yake, akakikung'uta, akamfunika kichwa juu ya ile kofia ya nyaya, akakifunga nyuma vizuri. "Haya. Sasa ongea, dada. Tuko wanawake watupu."

Benigna akaketi mbele ya skrini. Mstari ukapita mara nyingi. Kisha:

*Eustokia.*

"Mimi hapa, dada'ngu."

Mstari. Mstari. Mama alikuwa ametoa macho kwa juhudi.

*Mgongo.*

Wakamgeuza. Chini ya kiuno, pale mwili ulipokuwa ukilalia, palikuwa na kidonda, chekundu katikati na cheusi pembeni, upana wa kifuniko cha chupa ya chai. Benigna alikuwa akimwogesha kila siku, lakini alimwogesha haraka upande ule, maana kila alipouliza panauma, Nena ilimjibu niko vizuri, mwanangu, usihangaike. Akashika mdomo. Ameamka salama! Asubuhi zote zile alikuwa ameamka salama!

Eustokia aliinuka. Akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Benigna akaagiza dawa zahanati, na kabla maji hayajapoa kile kindege cha zahanati kisicho na rubani kikatua uani na kifurushi, kuku wakakikimbia kama wanavyokikimbia siku zote. Wakaosha kidonda, wakakipaka, wakamlaza mama ubavu na kumwekea mto. Uso wake ukalegea.

Ndipo Benigna akauliza. "Mama, unataka kukaa wapi?"

Safari hii hakusubiri sana.

*Matimira.*

"Sikumtuma mimi," Eustokia alisema haraka. "Mungu shahidi, sijalitaja jambo hilo hata kwa kunong'ona."

*Nyumba yangu.*

Kuna swali ambalo Benigna hakutaka kujiuliza, nalo likajiuliza lenyewe. Nani mwingine anayelijua hili? Osmund alikuwa nje. Engelbert alikuwa Dodoma na Kauli yake. Mama mdogo si mtu wa kwenda kumsomesha mtendaji habari za programu. Nyumba ya Matimira ilikuwa nzima, bati halijatoboka, na Eustokia alikaa ua wa pili. Lakini kule mlimani ukungu ukishuka kindege cha zahanati hakiruki. Ikitokea shida je? Hapa kungekuwa na dawa, na sasa kidonda kinajulikana, na mkwe angekaa mbali, na kitenge kingekaa kichwani. Angemtunza kama yai. Ilikuwa lazima tu programu moja iseme atakaa, na programu hiyo ilikuwepo.

Na nyuma ya sababu hizo zote nzuri palikuwa na moja isiyo nzuri wala mbaya. Otmar, mtoto wao, alikuwa shule ya bweni. Osmund alikuwa na kazi zake za ufundi. Benigna hakujua angefanya nini na asubuhi zake.

Mama alipolala, Benigna alimvua kofia polepole, akalitoa boga kwa kisingizio cha kulirudisha jikoni. Akarudi nalo. Akaliloanisha, akalivalisha kofia, akafungua Nena, akanong'ona asimwamshe aliyelala.

"Mama, kweli unataka kwenda Matimira?"

"Matimira kuna baridi, mwanangu," boga lilinong'ona pia. "Nitakaa na wewe. Nani mwingine ananijua kama wewe?"

Lilisema kwa upendo. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi: upendo ulikuwemo, na ulimwingia, na ulimpoza kifua kama maji baridi. Ila haukutoka popote.

Mama mdogo Eustokia alikuwa amesimama mlangoni, haijulikani tangu lini. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema. Kisha akaongeza kwa upole usio wa kawaida yake, "Mimi yangu nilishayasema kwa mkwe. Hilo ni lako na dada."

4

Mtendaji wa kata, Bwana Gama, alifika Ijumaa na kisanduku cha lakiri kwapani, akaketi, akasifia mahindi. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, mwenye familia nyingine mbili za kupitia siku hiyo. Engelbert alikuwa kwenye simu, sauti kubwa. Osmund alibaki barazani, mgongo kwa mlango, na waliomwona kule walidhani wamegombana na mkewe.

"Shikamoo, mama," mtendaji alisema.

Nena ndiyo iliyokuwa imefunguliwa. "Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Mmempa mgeni mahindi?"

Bwana Gama akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Huyu mama mzima kabisa! Nimetoka nyumba moja huko, mgonjwa anaongea kama risiti. Hii ndiyo yenyewe. Tuipige lakiri?"

"Kauli!" simu ikapiga kelele. "Mtendaji, mimi mtoto wa kiume nasema ni Kauli!"

"Anayemtunza ndiye anayechagua, bwana, ndiyo sheria. Haya, mama, sema tu Nena, nibonyeze."

Benigna alikuwa amelikariri jibu njia yote kutoka jikoni. Sasa alipoulizwa alisahau alikuwa amekariri jibu gani. Alimtazama mama yake, kitenge mpaka kwenye nyusi, akaona macho yale yanamtazama yeye, hayaombi na hayamkatazi. Akawaza kidonda. Akawaza ukungu. Hakuwa na uhakika na kitu chochote duniani.

"Tamka," alisema.

"Ile bubu?" Engelbert aliuliza. "Dada, una wazimu?"

Hata mtendaji aliinua nyusi. "Mama, uelewe. Nikishapiga lakiri, imepigwa. Hata akinyamaza mwaka mzima, kimya hicho ndicho neno lake, na hakuna atakayeruhusiwa kumjazia. Unaelewa?"

"Naelewa," alisema Benigna, ingawa alielewa nusu.

Aliyechagua ndiye aliyetakiwa kufuta nyingine kwa mkono wake. Kauli aliifuta bila hata kuketi vizuri. Ilipofika zamu ya Nena, skrini ikamuuliza kama ana hakika. Kwaheri ilikuwa imeshamfika ulimini, akaumeza, maana alijua angeitikiwa. Akabonyeza. Ile sauti ya mama yake, na kicheko chake cha puani, vikaondoka bila mlio wowote.

Bwana Gama akachomeka lakiri, taa ndogo ikawaka nyekundu, akasoma swali kutoka kwenye karatasi yake kwa sauti ya ofisini. "Gaudensia Mapunda, mbele ya mashahidi, unataka kukaa wapi?"

Mstari mweupe ukapita. Ukapita tena. Mtendaji akatazama saa. "Imekatika?" Engelbert aliuliza, na Eustokia akaiambia simu inyamaze.

*Matimira.*

"Matimira!" Engelbert alisema. "Kule porini? Nani atamtunza?"

"Kwani mimi nimekufa?" Eustokia akauliza simu. "Au huko Dodoma mlishanizika?"

Bwana Gama aliandika. Kisheria shughuli ilikuwa imekwisha, akaanza kufunga kisanduku chake. Lakini Benigna alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, na swali alilouliza halikuwa kwenye karatasi ya mtu.

"Na mimi je, mama?"

Mstari ukapita. Mara hii Tamka ilikaa muda mrefu kuliko siku zote, na Benigna akaanza kuamini kwamba hapo hapakuwa na kitu cha kuandika, kwamba alikuwa amelifuta jibu lake mwenyewe dakika chache zilizopita kwa kidole chake. Kisha herufi zikaanza, moja, nyingine, nyingine.

*Umechoka.*

Alisoma, akasoma tena. Mle chumbani alikuwa amezungumza habari za chai na mahindi na Otmar na mvua na majirani, na neno hilo hakuwahi kulisema hata mara moja, si kwa mama, si kwa Osmund, si kwa boga. Nena isingeweza kulijua. Lilionwa na mtu aliyekuwa ameketi kwenye kile kiti siku zote, akimtazama.

*Lala mwanangu.*

Mtendaji alimnyooshea kalamu aweke sahihi yake. Benigna hakuiona. Alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, analia kwa sauti kama mtoto, na Eustokia akaichukua ile kalamu akaiweka mezani, akamwambia Bwana Gama asubiri.